Barua ya wazi kuhusu Kanisa Kuu la Mkunazini: tunaomba karakana, si mradi mwingine

Kwa Baba Askofu wa Dayosisi ya Anglikana ya Zanzibar. Kwa uongozi wa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Na kwa Waheshimiwa mnaosimamia utalii na mambo ya kale katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalamu alaikum, na amani iwe nanyi nyote.

Nawaandikia kuhusu Kanisa Kuu la Kristo la Mkunazini. Ombi langu ni moja, na nalitanguliza ili lisije likapotea katikati ya maelezo: kanisa lile lipatiwe karakana yake ya kudumu, yenye waashi wake, seremala wake, wanagenzi wake na shimo lake la chokaa, na mishahara ya watu hao itokane na viingilio vya wageni wanaokuja kulitazama. Siombi mradi. Miradi tumeiona, na ipo iliyofanya kazi njema sana, lakini kila mradi una siku ya kuanza na siku ya kufungwa, wakati masika yanarudi kila mwaka.

Huenda mkajiuliza linanihusu nini. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa mwashi, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Sijawahi kusali ndani ya kanisa lile wala sina cheo popote. Lakini waliouzwa katika kiwanja kile hawakuwa wa dini moja wala kabila moja, na visiwani humu wengi wetu tuna bibi au babu ambaye safari yake ya kuja Unguja haisimuliwi nyumbani. Jengo lililosimama juu ya soko lile ni la waumini wake kwa ibada, na ni letu sote kwa kumbukumbu.

Historia yake mnaijua kuliko mimi, nami nitaigusa pale tu inapohusu kuta. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale sokoni. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Saa ya mnarani husimuliwa kuwa ni zawadi ya Barghash mwenyewe. Msalaba mmoja wa ndani umechongwa kwa mti wa Chitambo, kule Zambia, ambako moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa. Na altare, yaani meza ya ibada, ilipo ndipo, kwa mapokeo, uliposimama mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa. Sakafuni pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Mtu akisimama mbele ya duara lile hahitaji mtembezaji wa kumweleza kwa nini kanisa lisiachwe likabomoka.

Kwa mpita njia ni kanisa la Gothiki la Waingereza: madirisha marefu membamba yenye matao yaliyochongoka juu, mnara, vioo vya rangi. Ukikaribia unauona mkono wa Unguja. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, sawa na kuta za nyumba zetu na misikiti yetu, na baadhi ya mapambo yake yako karibu zaidi na majumba ya Waarabu wa pwani kuliko makanisa ya London. Upande wa mlango mkubwa zipo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kuwa mafundi waliziweka hivyo Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alipokuwa safarini, naye aliporudi akaamua ziachwe. Nazipenda nguzo zile kuliko kitu kingine chochote mle ndani, maana ndiyo alama iliyo wazi kabisa ya watu walioinua kuta zile kwa mikono yao na majina yao hatuyajui.

Huyu Steere, ambaye ndiye pia aliyezichapisha hadithi za Kiswahili za wazee wetu mwaka 1870, alithubutu jambo kubwa kwenye dari. Hakuezeka kwa mbao wala kwa boriti. Alifunika ukumbi mzima kwa tao moja refu la zege, kokoto za matumbawe zikichanganywa na saruji ya Portland, enzi ambayo saruji ilikuwa kitu kigeni mjini. Wapo waliotabiri kuwa mbao za kushikilia zikifunguliwa tu, dari litashuka chini. Mbao zikafunguliwa, dari likasimama, na mpaka leo lipo. Steere alifariki mwaka 1882 na akazikwa nyuma ya altare, chini ya dari lile lile.

Nimelieleza dari kwa urefu kwa sababu ndilo linalofanya utunzaji wa kanisa hili uwe mgumu. Tuna jengo moja lenye tabia mbili. Kuta za mawe na chokaa ni laini, zinanyonya maji na kuyatoa. Dari la zege ni gumu, halinyumbuki, na zege la umri ule likipata ufa, maji hayabaki juu. Yanateremka na kuingia ndani ya kuta zile laini. Fundi anayekuja na dawa moja kwa jengo zima, iwe saruji tupu au chokaa tupu, ataharibu upande mmoja akidhani anatengeneza. Panahitajika watu wanaolijua jengo hili hasa, wanaojua ufa upi ulikuwepo masika yaliyopita na upi ni mpya.

Kuhusu saruji kwenye kuta za chokaa, naomba mnivumilie, maana hapa ndipo majengo yetu mengi yanapokufa. Katika nyumba moja ya mji huu niliyowahi kupanga, mwenyewe alileta mafundi wakabandua lipu ya zamani ya chokaa ukumbini na kupiga saruji. Ukuta ulinyooka, ukapakwa rangi ya mafuta, kila mtu akausifu. Baadaye rangi ikaanza kufanya malengelenge, futi chache kutoka sakafuni. Ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia uwazi nyuma yake. Siku moja kipande kikadondoka chenyewe, kizito, kimeshika kama sahani. Nyuma yake hapakuwa na ukuta tena wa kuuita ukuta: jiwe lilikuwa limegeuka unga, limechanganyika na chumvi nyeupe, na lilichimbika kwa ukucha. Saruji ilikuwa nzima kabisa, na jiwe lililokuwa nyuma yake ndilo lililokuwa limeliwa.

Sababu yake waashi wa zamani waliijua bila kwenda maabara. Unyevu unapanda kutoka ardhini na kuleta chumvi. Ukuta ukiwa na lipu ya chokaa, maji yanatoka nje na kukauka kwa upepo, na chumvi inaishia kwenye lipu. Lipu inaharibika taratibu, unaikwangua, unapiga mpya, jiwe linasalimika. Ukiziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea, chumvi inagandia ndani ya jiwe, inatanuka, inalipasua punje kwa punje. Marehemu baba akisema lipu ndiyo iliwe, jiwe libaki. Ndiyo sheria nzima ya kutunza Mji Mkongwe, na ningefurahi kuiona ikiandikwa katika kila mkataba wa ukarabati unaotoka ofisini kwenu.

Ila chokaa nzuri hainunuliwi dukani asubuhi ikapigwa mchana. Mawe yanapangwa juu ya magogo katika tanuu, yanachomwa mpaka yaive, kisha yanazimwa kwa maji yakichemka na kufuka mvuke, halafu chokaa inalazwa shimoni chini ya maji. Kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika na kushika; miezi ni bora kuliko wiki. Ukutani inapigwa tabaka jembamba kwanza, inafunikwa kwa magunia mabichi isikaushwe na jua, inasubiriwa, ndipo tabaka la pili linafuata. Kontrakta aliyepewa miezi michache na faini ya kuchelewa hawezi kuisubiri, hata akiwa mtu mwaminifu. Atakimbilia saruji kwa sababu mkataba wenyewe umemsukuma huko. Ndiyo maana nasema tatizo letu haliko kwa fundi mmoja mbaya, liko katika namna tunavyoipanga kazi.

Nataraji mtauliza habari ya mazingira, na ni haki kuuliza. Tanuu la kienyeji linakula kuni nyingi, mikoko yetu imeshapungua, na matumbawe hai ya baharini hayaguswi kwa ajili ya ukuta wowote, hata wa kanisa wala wa msikiti. Lakini yapo matumbawe ya kale ya nchi kavu, ambayo ndiyo mwamba wa kisiwa chenyewe. Ipo minazi mizee inayokatwa kila mwaka kwa kuwa haizai tena. Yapo mawe ya majengo yaliyoanguka, mazuri, yanayotupwa au kusagwa kuwa kifusi. Chokaa huiva kwenye joto la nyuzi 900 hivi, saruji inataka zaidi ya 1400. Na chokaa inapokauka ukutani hurudisha ndani yake sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka tanuuni. Karakana moja yenye tanuu lililojengwa vizuri, linalohifadhi moto, na shimo linalojazwa mwaka mzima, itatumia kuni chache kuliko matanuu ya haraka haraka yanayowashwa kila mradi unapokuja. Na chokaa itakayobaki iuzwe kwa bei nafuu kwa wenye nyumba za Mji Mkongwe, ambao wengi wanapiga saruji kwa sababu hawana pa kupata kitu kingine.

Wazo hili la karakana sikulizua. Makanisa makubwa ya Gothiki ya Ulaya yametunzwa hivyo. Kanisa Kuu la Köln, Ujerumani, lilianza kujengwa mwaka 1248, likakwama kwa karne kadhaa, likamalizwa mwaka 1880, enzi zile zile ambazo sisi tulikuwa tunamaliza la Mkunazini. Tangu limalizwe, halijaachwa na mafundi. Lina karakana yake pembeni, ya wachonga mawe, wahunzi, wataalamu wa vioo, wanafanya kazi mwaka baada ya mwaka, kizazi kinamfundisha kizazi. Strasbourg, Ufaransa, taasisi yao ya mafundi asili yake ni karne ya 13. Trondheim, Norway, wana karakana tangu 1869. Mwaka 2020 UNESCO iliutambua utaratibu huo wa karakana za makanisa kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi wa ufundi. Na tazameni Köln pesa zinatoka wapi: kipo chama cha wananchi kilichoanzishwa mwaka 1842, na mpaka leo michango yake inabeba sehemu kubwa ya gharama za utunzaji.

Mtasema wale ni matajiri. Ni kweli. Notre-Dame ya Paris ilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, michango ya watu na makampuni ilifika karibu yuro milioni 846, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Sisi hatuna fedha hizo. Lakini fedha peke yake isingeweza kuchonga mihimili ya mwaloni kwa shoka jinsi ilivyochongwa karne ya 13. Walikuwepo maseremala waliokuwa bado wanaujua ufundi huo, na vijana waliokuwa tayari kujifunza kwao. Fedha huchangishwa kwa mwezi mmoja watu wakiguswa, mwashi wa chokaa hapatikani kwa mwezi.

Na sisi waashi hao tunao bado, wachache. Walifunzwa na wazee wao, au walipata mafunzo wakati taasisi ya Aga Khan ilipoitengeneza Zahanati ya Kale pale Malindi miaka ya 1990, au kwenye kazi ya kanisa hili hili katika miaka ya 2010, chini ya World Monuments Fund, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Kazi ile naiheshimu. Kanisa lilishughulikiwa kitaalamu na maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa yakafunguliwa uani. Swali langu ni la baada ya hapo. Mafundi waliojifunza katika kazi za namna hii, kazi ikiisha, wanarudi kutafuta vibarua vya kumimina zege la mahoteli. Mkono uliofunzwa kwa gharama kubwa unasahau. Mradi mwingine ukija baada ya miaka kumi, tunaanza kufunza wengine.

Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na miaka ishirini baadaye, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ikaanguka na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba la 1883, la Barghash, kubwa kuliko yote, linalotazamwa na kila mtu anayeshuka bandarini. Nililia siku ile, na sikuwa peke yangu. Sitaki kumnyooshea mtu kidole. Nasema tu kwamba jengo halianguki siku linapoanguka; linaanza zamani, kwenye bomba la maji lililoziba, kwenye boriti iliyooza ndani ya ukuta, kwenye mche wa mtini ulioachwa ukaota kwenye ufa kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kazi ya kuung'oa. Na pale Mbweni, skuli ya wasichana ya wamisheni wale wale wa Kianglikana waliojenga kanisa hili, iliyoanza kujengwa miaka michache tu kabla ya kanisa hili, sasa ni magofu. Nenda ukaone kuta zake, utaona kanisa la Mkunazini lingekuwaje bila paa.

Kwa hiyo karakana ninayoiomba si kitu cha kutisha. Waashi wanne au watano, seremala mmoja, wanagenzi wachache kutoka skuli za mafunzo ya amali, wavulana na wasichana. Nasema wasichana kwa kusudi: zamani sakafu na dari za chokaa za mji huu zilipigwa kwa vijiti kwa siku nyingi, na wanawake walikuwemo katika kazi ile, wakiimba. Kabla ya masika na kabla ya vuli wapande juu, wakague dari lote na mifereji yote ya maji, wang'oe kila mche, wazibe kinachozibika. Yote waliyoyaona na kuyafanya yaandikwe katika daftari la jengo, kwa Kiswahili, pamoja na picha: ufa upi, upana gani, umezibwa kwa mchanganyiko gani, na nani. Daftari hilo libaki kanisani na nakala iwe Mamlaka. Mtaalamu yeyote wa nje atakayekuja atakaribishwa alisome kwanza.

Daftari hilo lingetusaidia hata katika mambo ya historia. Vyumba vya chini ya jengo jirani, ambavyo wageni huoneshwa kuwa walilazwa watumwa, wataalamu wanabishana juu ya umri wake. Mafundi wanaochokoa chokaa kwa uangalifu na kuandika wanachokiona wanaweza kuwapa wataalamu hao ushahidi. Waliouzwa pale wanastahili tuwasimulie yaliyo kweli, na yaliyo kweli yanatosha kuumiza moyo. Ile sanamu ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, watu watano shimoni wakiwa na minyororo shingoni, haihitaji kuongezewa chochote.

Kuhusu fedha, naomba sehemu maalumu ya kila kiingilio iingie moja kwa moja katika akaunti ya utunzaji, isiyoguswa kwa semina, magari wala ukarabati wa ofisi, na hesabu yake ibandikwe mlangoni kila mwaka ili waumini, majirani na watembeza wageni waisome. Kiasi gani, mtakaa mkaamua. Mimi ningependekeza isipungue robo. Msimu wa wageni ukidorora kama tulivyouona wakati wa korona, Serikali ibebe mishahara ya mafundi mpaka utengemae, kwa sababu mvua haikupungua wakati ule. Na kiundwe chama cha marafiki wa kanisa kilicho wazi kwa kila mwenye kulipenda, wa dini yoyote, wa hapa na wa ughaibuni. Mimi nitakuwa wa kwanza kujiandikisha, na nawajua Waislamu wenzangu wa mtaani watakaonifuata.

Baba Askofu, najua dayosisi ina mizigo mingi, ina skuli, ina wagonjwa, ina mapadri wa kuwatunza. Waheshimiwa wa Mamlaka, najua mna majengo mengi yanayolia na wafanyakazi wachache. Siwaombi mbebe peke yenu. Naomba muitishe kikao kimoja uani pale kanisani, kabla ya masika yajayo, muwaalike waashi wa chokaa waliobaki, wa Unguja na wa Pemba, wakae viti vya mbele, nanyi muwasikilize. Mwulizeni kila mmoja wao jambo moja: ana mwanafunzi? Jibu mtakalolipata ndilo litakalowaambia tuna muda kiasi gani.

Nasubiri barua yenu au tangazo la kikao hicho. Niko tayari kusaidia kuwatafuta wazee hao nyumba kwa nyumba, na baadhi yao nawajua wanapokaa.

Wenu katika kuutunza mji wetu,

Mkaazi wa Mji Mkongwe, Unguja